Kondoo Waliokataa Kulala kwa Kondabai

Kondabai wa Khadkewadi alijua mavi kama sonara anavyojua dhahabu. Ungemfunga macho ukamwekea vibonge kiganjani, angekwambia ni vya mbuzi au vya kondoo, dume au jike, jana alikula majani gani, na kama mwenye mnyama ni mkarimu au bahili. Siku moja alikanyaga kitu uani kwa karani wa kijiji, akamwambia ng'ombe wake ana mimba ya pacha. Ng'ombe akazaa pacha. Tangu siku hiyo karani akawa anafagia ua wake mwenyewe kabla ya jua kuchomoza, zisije zikajulikana siri nyingine za nyumba yake.

Ujuzi huo hakuupata kwa mchezo. Mumewe, Ganpat, alikufa akamwachia mtoto wa kike wa kunyonya, jina lake Anusa, na shamba juu ya kijiji. Shamba lenyewe lilikuwa mawe na vumbi jekundu. Mijusi walilipita mbio wakiwa wameinua matumbo yasiungue. Mwaka wa kwanza wa ujane Kondabai alipanda kikapu kimoja cha uwele, akavuna nusu kikapu. Yaani ardhi ilimlia mbegu na haikusema asante.

Hotuba zikaanza. Nenda kavunje kokoto za barabara, mama. Olewa tena. Muuzie Rangrao. Rangrao alikuwa mwenye mashamba makubwa ya bondeni, bwana wa masharubu na baiskeli, na yeye ndiye aliyekuwa na haraka zaidi na ushauri huo wa mwisho.

Mwaka huohuo, katikati ya joto, wakapita wachungaji. Hupita kila mwaka wakitoka Konkan, nchi ya pwani ng'ambo ya milima, wakirudi kwao nyanda za juu kabla mvua haijaanza. Kijana mmoja wao, Mhaku, akakwama kwenye shamba la Kondabai kwa sababu kondoo wake alishikwa na uchungu hapo na mwana alikuwa amekaa vibaya tumboni. Kondabai akamweka Anusa chini, akapaka mkono mafuta, akaingiza, akamgeuza mwanakondoo, akamtoa hai. Mhaku alilia kuliko kondoo.

"Nikupe nini, dada?"

"Lala hapa."

Kijana akatahayari hadi masikio.

"Mjinga wewe," alisema Kondabai. "Si wewe. Kondoo! Kondoo wako walale hapa usiku mmoja."

Kondoo mia tatu wakalala. Asubuhi palikuwa peusi kama pamemwagwa dengu nyeusi, na mkojo umezama ardhini. Kondabai akakimbia na jembe kuvifukia vile vibonge kabla jua halijavinyonya nguvu, maana jua la msimu ule hula samadi upesi kuliko mtu anavyokula kachori. Mvua zilipokuja, zikiwa chache kama kawaida, palipolala kondoo uwele ulimfika kifuani. Pasipolala, uliishia magotini. Na alipochimba kidole pale palipolala, siku kumi baada ya mvua, udongo ulikuwa bado na unyevu. Samadi ilikuwa imeyashika maji.

Tangu hapo Mhaku akawa anampa usiku tano kila mwaka. Zizi la kamba na miba lilihamishwa kila jioni hatua kadhaa, hadi shamba zima lilipokuwa limelaliwa. Kondabai hakuwa na kaka, Mhaku hakuwa na dada. Siku ya Kaka, ile inayofuata Diwali, ambayo kila mwanamke huzungusha taa usoni pa kaka yake na kaka humpa zawadi, ilimkuta Mhaku mbali huko chini pwani. Basi wao wakajiwekea Siku ya Kaka yao, katikati ya joto, siku kundi linapofika. Kondabai alizungusha taa, akampaka nukta nyekundu pajini pa uso, akamfunga uzi mkononi. Zawadi yake haikuwa sari. Ilikuwa zile usiku tano.

Miaka kumi na tisa ikapita hivyo. Uwele wa Kondabai ulirefuka, kunguru wakawa wakitua juu ya mashuke wanashikwa na kizunguzungu. Mwaka mmoja mlinda ndege alipotea ndani ya shamba siku mbili, akatoka amenenepa. Rangrao, ambaye alikuwa akimwaga mbolea ya magunia kutoka mjini, alicheka miaka ya mwanzo. Kisha ukaja ukame, ile mbolea ikakosa maji ya kuiyeyusha, ikaichoma mizizi ya uwele wake ukakauka ukiwa na urefu wa kidole. Akaacha kucheka. Jioni alikuwa akipita kando ya shamba la mjane, baiskeli mkononi, akitazama bila salamu.

Sasa mwaka wa ishirini. Mvua zilikuwa zimekosekana misimu miwili mfululizo, na mitungi ya nafaka ya Kondabai ukiigonga ililia kama kengele. Anusa alikuwa ameshaposwa na watu wa kijiji cha ng'ambo ya mlima. Walikuwa watu wazuri, hawakudai mengi. Walisema harusi iwe baada ya mavuno, na wageni wale mkate wa uwele wa shamba la bibi harusi. Basi. Uwele ukipatikana kuna harusi, uwele ukikosekana hakuna, na baba wa kijana alikuwa na wapwa watatu waliokuwa wakimwonyesha wasichana wengine. Ardhi iliyochoka misimu miwili haingezaa bila kulaliwa. Kondabai alihesabu siku za kufika kundi kama mjamzito.

Likafika. Vumbi, mbwa, farasi waliobebeshwa vyungu na vitoto vya kondoo, wanawake nyuma yao. Mhaku mbele, blanketi lake la sufu nyeusi begani katika joto lile.

"Dada, umezeeka!"

"Na wewe umenenepa. Huko pwani walikulisha wewe au kondoo?"

Mhaku akacheka, lakini cheko lenyewe lilichelewa kufika. Kondabai akazungusha taa, akampaka nukta, akafunga uzi. Anusa akaleta mikate na kitoweo cha pilipili na karanga.

"Mjomba, mwaka huu ule sana," alisema Anusa. "Kwenye harusi utasimama nyuma yangu. Mjomba mwembamba ataniaibisha."

Kwao mjomba ndiye humsimamisha bibi harusi, humshika mabega kwa nyuma pazia linaposhikwa kati yake na mume. Mhaku akatazama sahani. "Nitasimama, mwanangu," akasema, akala mkate mmoja, akasema tumbo si zuri. Kondabai akalilaumu joto.

Jioni kundi likapelekwa shambani. Mbele alikwenda Bhingri, kondoo jike mzee mwenye sikio moja, ambaye wengine humfuata hata angeingia kisimani. Akafika ukingoni mwa shamba, akainua pua. Akasimama kama aliyepigwa msumari. Mhaku akamsukuma. Bhingri akapiga kwato, akatoa sauti kama ya mtoto anayenyweshwa dawa, akageuka. Na mia tatu wakageuka naye, wakateremka mbio, wakamkanyaga mbwa.

Wakarudishwa. Wakakimbia tena. Mara ya tatu kondoo mmoja alizimia kabisa, miguu juu.

Kijiji kizima kilikuwa kimeshapanda kutazama. Mhaku akatoa mfukoni unga wa manjano ya Biroba, mungu wa wachungaji, akayarusha hewani. Akasema bila kumtazama mtu, "Biroba amekataa. Si mimi, dada. Umeona mwenyewe. Mahali kondoo wamekataa, mchungaji hawezi kulaza."

"Kaka, hawa kondoo wamelala hapa miaka kumi na tisa."

"Biroba ana sababu zake."

Kondoo wakateremshwa bondeni kwa Rangrao, ambaye kwa bahati alikuwa na nafasi, na kwa bahati alikuwa ameshakata miba ya zizi. Hapo Bhingri alilala hata kabla ya kuambiwa.

Jirani yake Kondabai, Shevanta, mwanamke asiyepitwa na jambo, alimsindikiza nyumbani akimshika kiuno kwa huruma.

"Usilie, dada Konda. Ila niambie ukweli. Ulikanyaga nini? Ulimwaga maziwa? Ganpat alikuwa na siri?"

"Ganpat hakuwa na siri, Shevanta. Alikuwa na kikohozi."

"Basi ni laana. Na watu wa Anusa watasikia."

"Watasikia kwa nani?"

"Aah, mimi siwezi kusema kitu!" alisema Shevanta, na ndivyo Kondabai alivyojua kwamba habari itavuka mlima kabla ya kifungua kinywa.

Asubuhi alikwenda shambani peke yake. Alikwenda kumwuliza Ganpat, au Biroba, au yeyote mwenye zamu, kosa lake ni lipi. Alisimama katikati akiwa na maneno tayari mdomoni. Kisha upepo mdogo ukageuka, na ile pua yake ikaamka.

Akaifuata hadi kona ya juu. Akainua jiwe. Chini yake palikuwa na mavi ya mnyama, makavu, meupe kwa mifupa, yamelowanishwa maji ili yanuke upya. Akaenda kona ya pili. Yapo. Ya tatu. Ya nne. Akayashika, akayanusa, moyo wake ukaruka kwa furaha: chui! Chui si laana. Chui ni chui tu, kondoo wana haki yao ya kumwogopa. Biroba hakumkataa.

Halafu akayavunja kwa ukucha, na furaha ikakatika. Ndani mlikuwa na manyoya marefu ya kijivu. Aliyavuta taratibu, unyoya mmoja mmoja, akayaweka kwenye kiganja. Manyoya ya kima. Wale kima wakubwa wenye uso mweusi, wa misitu ya milima ya Konkan, mwendo wa siku nane kwa miguu. Khadkewadi haikuwahi kuwa na kima. Chui aliyemla kima hakutembea siku nane akijizuia tumbo ili aje ajisaidie kwa mjane.

Nani ametoka Konkan juzi?

Kondabai alikaa juu ya jiwe. Alijaribu watu wengine wote kichwani. Alimjaribu Rangrao, akamkuta hajawahi kuvuka hata mto. Aliwajaribu wachungaji wengine, akakuta hawana haja naye. Alijaribu hata kumpa chui mabawa. Kila alipogeuka alimkuta Mhaku, na mkate mmoja, na tumbo ambalo si zuri. Huyo ndiye aliyeyaokota haya kule msituni. Akayafunga kwenye kitambaa. Akatembea nayo siku nane. Akaja akainamisha kichwa apakwe nukta, na kitambaa kikiwa kwenye mzigo wa farasi, pale uani, karibu na vyungu.

Hakulia. Alirudi nyumbani, akachukua sahani ya shaba ya kuzungushia taa, akaweka vitu juu yake, akafunika kwa jani la mgomba, akateremka bondeni.

Wachungaji walikuwa wakikamua. Rangrao alikuwa amesimama kati ya kondoo kama bwana harusi. Nyuma yake kulikuwa na kisima chake kipya na mashine ya kuvuta maji, ikikohoa, maji yakimwagika kwenye mtaro, kondoo wamejipanga wakinywa. Kondabai aliyaona maji yale, na kila kitu kikajipanga kichwani.

"Kaka Mhaku," aliita kwa sauti tamu. "Jana ulikula kidogo. Nimekuletea."

Watu wakasogea. Shevanta tayari alikuwapo, sijui alipita wapi. Mhaku akafunua jani. Vijana wa kambi wakaangua kicheko.

"Dada, hii nini?"

"Niambie wewe. Mali yako hiyo."

"Jua limempanda mama wa watu," alisema Rangrao.

"Bwana Rangrao, subiri, na wewe zamu yako ipo." Akashika kibonge kimoja, akakiinua watu wote wakione. "Tuna mgeni kijijini, jamani. Chui. Tena chui mstaarabu! Amekwenda kona ya kwanza, akajisaidia, akafunika kwa jiwe. Akaenda kona ya pili, akajisaidia, akafunika kwa jiwe. Kona nne. Akaondoka bila kuacha unyayo. Na chakula chake ni kima! Sasa mimi nauliza, hapa kwetu kima atakaa wapi? Kijiji kina mti mmoja wa maana, na anayepanda huko ni Shevanta, akichungulia nyumba za watu."

"Mimi tena!" alipiga kelele Shevanta. "Mimi nilikuwa nachuma maembe!"

"Ule mwarobaini, dada."

Walicheka hadi wachungaji wakaachia chuchu za kondoo. Mhaku peke yake hakucheka. Kondabai akatoa kifundoni mwa sari manjano aliyoyaokota shambani, yale Mhaku aliyoyarusha jioni, akamshika mkono, akayamimina kiganjani.

"Haya ya Biroba wako. Kunja ngumi useme: mimi Mhaku sikuyaleta. Ukisema, nakuomba radhi mbele ya watu wote, na mavi haya nayala."

Hata mashine ya maji ilikohoa mara moja ikanyamaza. Mhaku hakukunja ngumi. Manjano yakaanza kupita kati ya vidole vyake, yakianguka juu ya miguu yake, kidogo kidogo, mpaka kiganja kikabaki kitupu.

"Ana maji, dada," alisema kwa sauti ndogo. "Njia nzima visima vimekauka. Nimezika vitoto ishirini. Akanipelekea ujumbe hadi Konkan: maji siku zote, ila usiku zote ziwe zake. Hakutaka hata moja ilalwe kwako."

"Ungeniambia."

"Nilishindwa."

"Ungeniambia, Mhaku! Ungesema, dada, mwaka huu Rangrao ana maji, siji. Ningekutukana siku moja. Siku ya pili ningekupikia."

"Atakayevunja uzi wa dada kwa mdomo wake, kundi lake huisha. Wewe unajua."

"Kwa hiyo ukamwachia Bhingri auvunje. Ukaona Biroba hatatazama chini ya mawe. Na mimi nibaki na laana, na mtoto wangu arudishwe kama chungu chenye ufa, ili kondoo wako wasipate mafua."

Mhaku akainamia manjano yaliyomwagika miguuni pake. Alikuwa mtu mzima sasa, ana mvi kwenye masikio, na alisimama kama siku ile alipotahayari akiwa kijana.

Aliyejibu ni mkewe, Banu, ambaye alikuwa akifunga mzigo wa farasi na mgongo kwa watu. Aligeuka, akamtazama mumewe kama mtu anayetazama maziwa yaliyoganda.

"Mia moja kati ya hao ni wangu," alisema Banu. "Nilitoka nao kwa baba yangu. Leo wanalala kwa wifi yangu. Na Bhingri ni wangu, kwa hiyo hao mia mbili wengine tutaona watamfuata nani."

"Na maji?" aliuliza Rangrao. "Wakilala kule, hawanywi hapa!"

Banu akamgeukia. "Sema tena, bwana mkubwa, kwa sauti, wakusikie vizuri. Useme umewanyima kondoo maji kwa sababu ya mjane. Kisha utafute mchungaji atakayelala kwako mwaka kesho. Tunazungumza sisi, njia nzima hadi pwani."

Rangrao akageuka kutazama mashine yake, kana kwamba ilimwita.

"Usiku tano, wifi?" aliuliza Banu.

"Usiku tano," alisema Kondabai. "Kondoo nawataka. Ardhi yangu haijamkosea mtu. Kaka simtaki." Akamshika Mhaku mkono. Uzi alikuwa ameufunga yeye, mafundo saba, na alifungua fundo moja moja kwa kucha bila haraka, na Mhaku akamwachia mkono kama mgonjwa anayetolewa mwiba. "Usiogope. Hukuuvunja kwa mdomo wako. Nimeufungua mimi."

Siku hiyo aliosha kona nne kwa majivu na maji ya majani ya mwarobaini. Jioni Bhingri alinusa, akapiga chafya, akalala, na mia tatu wakalala. Usiku zote tano Kondabai alikuwa anawasikia wakicheua kutoka nyumbani kwake, sauti ambayo miaka mingine ilimletea usingizi mtamu. Safari hii alikaa macho akigeuza kichwani miaka kumi na tisa, mwaka mmoja mmoja, akitafuta ni upi aliodanganywa pia, na hakuona, na hilo lilimuumiza zaidi.

Mvua zilikuja mara nne tu. Kwa Rangrao uwele ulitoka wastani. Kwa Kondabai ulitoka hivi kwamba aliyetaka kuona shuke alipanda ngazi, na mvunaji mmoja alidondosha mundu kutoka juu akakata mkia wa punda aliyekuwa akipita. Watu wa ng'ambo ya mlima walikuja, wakashika mashuke, wakapanga siku.

Harusini, pazia liliposhikwa, nyuma ya Anusa alisimama mume wa Shevanta, mtu mfupi, akinyoosha shingo. Wimbo wa baraka ulipokwisha na watu kukaa mistari miwili kula, Anusa akamvuta mama yake sari.

"Mama. Mjomba yule pale mwishoni."

Alikuwa amekaa na watu wasiomjua, blanketi jeusi magotini, sari mpya ya kijani imekunjwa kando yake kwenye karatasi. Kundi lilikuwa likiteremka tena kuelekea pwani. Alikuwa ameliacha njiani na Banu.

"Namwona," alisema Kondabai.

Alichukua kapu la mikate mwenyewe. Alianza mwanzo wa mstari, akaja akimgawia kila mtu, akitania huyu na yule, mpaka akamfikia. Akamwekea mikate kwenye jani, akamwagia samli.

"Dada," alisema Mhaku.

"Kula, mgeni," alisema Kondabai, kwa sauti ileile aliyowaambia wote. "Umetoka mbali."

Akasogea kwa aliyekaa pembeni yake, akamwuliza kama chumvi imetosha.